Fundo la Kanga

Uchochoro wa kwangu, Sufala ya Ibra,
ulijengwa kwa ajili ya punda na watu wembamba.
Niliupima Jumatatu baada ya alfajiri,
ukuta hadi ukuta, kwa kanga,
nikapiga fundo pale ulipokomea.
Na fundo hilo ndilo nililokwenda nalo Sanaiya.

Muutasim akasema, Mama, mimi nina Prado.
Najua. Prado ina wewe ndani,
na wewe una kazi, una mke, una "nakuja sasa hivi"
isiyofika kabla ya adhuhuri,
na soko la wanawake la Jumatano halimngoji mtu.
Ikipiga saa tatu wateja wazuri wameshakwenda,
wamebaki wanaoshika lesi kwa vidole vya mafuta
na kuuliza bei ili wapate kuguna.

Na goti. Sitaki kuzungumza habari za goti.

Biju, mwenye duka, ana Kiarabu cha dukani,
nami Kiarabu changu kina tui la nazi,
basi tulizungumza kwa vidole.
Skuta zilikuwa nne, bado zimevaa nailoni.
Nyekundu, aliyoipenda mwanangu, ina redio.
Nikapanda. Nikashuka. Kiti kiko juu,
na gurudumu linautamani upindo wa buibui langu.
Nyeupe ina paa, kama banda la kuku.
Ya buluu, nzuri, Mungu anajua ilikuwa nzuri,
nikainama nikatandaza kanga nyuma yake,
gurudumu hadi gurudumu:
ilipita fundo kwa shibiri nzima.
Biju akatoa futi ya chuma. Nikamwambia, weka.
Futi yako haijawahi kufika kwangu.

Ikabaki ya nne, rangi ya bamia zilizolala.
Kanga ikaikumbatia, na fundo likabaki nje,
vidole vinne.

Lakini kwa nini matatu, Mama? Manne si imara zaidi?
Mafiga ni mangapi? nikamuuliza.
Akanyamaza. Anapikia gesi, huyu.

Mia tatu na themanini na tano, akasema Biju.
Mia tatu na sitini.
Nikaelekea mlangoni, polepole,
maana sina mbio za kumtishia mtu.
Mia tatu na hamsini, na kikapu cha nyuma, na turubai.
Ilikuwa zamu yangu ya mchezo,
wanawake kumi, riali arubaini arubaini;
nikahesabu noti kwa Kiswahili
nisije nikakosea.

Kisha nikauliza la kuuliza.
Inarudi nyuma?

Maana mwaka wa tisini na nne walinipeleka kwenye mapipa,
ndio mtihani wa leseni, urudi kinyumenyume katikati yake usiguse,
nami niliyagusa, tarehe nne mbalimbali,
na askari, kijana mpole, kila mara
akaandika neno lilelile.
Marehemu Zahor akasema, basi, nitakuendesha mimi.
Akaniendesha. Miaka ishirini na sita.
Kisha akashuka.

Biju akabonyeza kitufe. Ikalia: ti, ti, ti.
Uani kwake palikuwa na mapipa mawili ya oili.
Sikuyapanga mimi.
Nilipita.
Hakuna aliyeandika kitu.

Nimerudi kwa barabara ya pembeni,
Prado nyuma yangu inapepesa taa zake za hatari,
msafara wa harusi, gari moja, bibi harusi ana miaka sitini na tatu,
watoto wa Kibangali wanapunga mikono kutoka kwenye karakana.
Na pale uchochoroni: krrr.
Kanga ilipima mwili, ikasahau masikio.

Kioo cha kushoto nimekikunja.
Cha kulia kimenitosha kumwona mwanangu
ameiacha Prado kule kwenye jua,
anakuja kwa miguu.