Dakika Tatu za Lorna Dzurik

Taa ya kijani.
Naitwa Lorna Dzurik, wa Mtaa wa Kessler,
nyumba ya tatu kutoka pale bomba lilipopasuka Januari,
maji yakaganda barabarani, watoto wakayageuza uwanja.
Ule haukutugharimu kitu.

Msinielewe vibaya. Mimi si adui wa mpira.
Kofia hii ilikuwa ya baba yangu;
imelowa theluji na bia na machozi ya misimu arobaini.
Nimechana tiketi mlango wa saba miaka thelathini na mmoja.
Kiti cha baba, mstari wa K, kumi na tisa,
kina ufa unaobana suruali. Nitaulilia ufa huo
siku mtakapoleta tingatinga.

Lakini nimekuja na risiti.
Jana, duka la Pavlik:
maziwa, nepi za mjukuu, sabuni, viazi.
Chini kabisa, kabla ya jumla, kuna mstari mdogo,
wino wake umefifia kama mtu anayeona haya:
ushuru wa uwanja.
Uwanja huu huu mnaotaka kuubomoa.
Mnasema umezeeka. Deni lake halijazeeka;
lina miaka tisa mbele yake, na meno yote.
Kwa hiyo nitalipia paa ambalo halipo
pamoja na paa ambalo halijawepo,
mkono mmoja ukizika maiti, wa pili ukilea mimba.
Mjukuu wangu hajui kutembea,
tayari anadaiwa.

Bwana Ketteridge ameketi pale mbele, namsalimu.
Ametuletea uwanja mdogo wa plastiki
wenye vijitu vya plastiki vinavyotabasamu.
Nimevikagua. Hakuna hata kimoja kinachosubiri basi.
Amesema ajira. Naijua ajira hiyo, nimeivaa:
fulana ya njano, siku kumi kwa mwaka,
na mkate wako ujiletee.
Amesema tusipotoa, timu itahama.
Kutoa ni moyo, sawa.
Ila mtu akishikwa koo, huko si kutoa,
ni kutolewa.

Taa ya manjano.

Bwawa la kuogelea la Kessler lina majani makavu mwaka wa tatu.
Maktaba hufunguliwa Jumanne na Alhamisi,
utadhani kusoma ni ugonjwa wenye kliniki zake.
Basi namba kumi na nne hulala saa mbili usiku;
wauguzi wa zamu hutembea.
Kila nilipouliza, kwenye maikrofoni hii hii,
mlinijibu: hazina ni tupu, Bi Dzurik.
Nikaamini. Nikaona haya hata kuuliza.
Leo mmeinamia hazina ile ile
mkaibuka na milioni mia sita,
kama mtu aliyekuta noti kwenye koti la zamani.

Taa nyekundu. Maikrofoni imekufa.
Mimi bado.
Diwani Ostrander anafuta miwani ambayo haina vumbi.
Natumia sauti yangu ya mlangoni, ile ya
tiketi mkononi, tafadhali, tiketi mkononi:
mwenye timu ajenge!
Nitapanga foleni kwenye baridi, nitalipa kiingilio,
nitashangilia hadi koo lichubuke.
Lakini asinikate kwenye nepi.

Kura saba kwa nne. Imepita.

Nje theluji inashuka, na namba kumi na nne imeshalala.
Navuta kofia ya baba mpaka masikioni, natembea.
Taa za mtaa zimezimwa kubana matumizi;
ng'ambo ya mto uwanja unawaka wote, mtupu,
maana Korongo leo wako ugenini.
Gari linapunguza mwendo. Kijana anatoa kichwa dirishani,
ameiona kofia:
"Tumeshinda, bibi! Tumeshinda!"

Nampungia. Furaha inanipanda, siwezi kuizuia, mjinga mimi.
Kisha nabaki na neno lile mdomoni,
nalitafuna njia nzima.
Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni.
Kweli, kijana.
Tumeshinda.
Tumeshinda na njaa.