Zuia Pumzi

Siku tano za juma napiga picha za mifupa.
Chumba hakina dirisha; mlango wake mzito kama deni.
Nasimama nyuma ya ukuta wa risasi, nasema kwenye kipaza sauti:
"Vuta pumzi. Zuia. Usitikisike."
Mlio mfupi, na mtu yule
amekwisha kugeuka ukungu na matawi.
"Haya, pumua."

Jumamosi naingia Karura kwa lango la barabara ya Limuru,
shingoni kamera niliyouziwa na Mghoi wa maabara.
Bado ananidai awamu mbili,
na kila tukipishana kwenye korido huuliza
hali ya ng'ombe wetu.

Namtafuta mmoja tu:
yule mwenye mabawa ya kioo,
na wekundu kidogo kwenye shina la bawa,
kana kwamba mchoraji aliitwa chakula
asirudi tena kazini.
Kitabuni ana jina la Kilatini, refu kuliko maisha yake.
Mimi humwita Hayupo.

Asubuhi, karibu na mto, akiwa bado mzito kwa umande,
Hayupo ametua.

Taabu ni kwamba kamera haimwoni.
Lenzi inatafuta, inaguna, inakwenda mbele, inarudi,
inampita kama jicho la mwenye jumba Muthaiga
linavyompita mtunza bustani,
na kwenda kutulia kwenye jani lililo nyuma.
Nina picha mia mbili za majani.
Safi kabisa, kila mshipa unahesabika,
na mbele yake kitu kama pumzi ya mtoto kwenye dirisha.

Basi naizuia mashine kujiamulia. Nazungusha kwa mkono.
Goti topeni. Siafu wanafanya uchunguzi wao mguuni.
Naliambia jani: usitikisike.
Najiambia: vuta. Zuia.
Na hapo ndipo ninapotambua
kwamba mwaka huu ni wa kumi na mmoja kazini
na sijawahi hata mara moja kuizuia pamoja nao.

Jumanne alikuja Nzioki, mchonga mawe wa Njiru,
miaka arobaini na miwili, kikohozi cha tangu mvua za mwaka jana.
Alivua shati akalikunja vizuri,
kama mtu anayelala ugenini.
Kwenye skrini mapafu yalifunguka, kushoto na kulia,
na ndani yake, juu hadi chini, punje nyeupe:
machimbo yamehamia kwake.
Sijui ni kuta ngapi za Kayole
zilizoacha unga wake mle.
"Yako safi?" akaniuliza, akitafuta mkono wa shati.
"Daktari atakwambia."
Ndivyo tulivyofundishwa kujibu.
Huo nao ni ukuta wa risasi.

Kipepeo ukimshika, unga wake hubaki kidoleni.
Huyu wangu alizaliwa na unga haba,
na kila akiruka hupukutika mwingine,
hata uzeeni mwanga unapita ndani yake
bila kuulizwa kitambulisho.
Nilikaa nikalifikiria hilo, goti likiwa limekufa ganzi,
kisha nikaona aibu kulifikiria.
Nzioki hakuomba mfano.

Kidole kikashuka.
Picha moja, kati ya arobaini na sita, ilikubali:
ukingo wa bawa, mweusi, mwembamba kama uzi wa kushonea jeraha,
na katikati yake msitu mzima umesimama wima.
Nilimwonyesha Mghoi. Akaiangalia muda mrefu.
"Jani zuri," akasema.

Jana Nzioki karudishwa; daktari anataka ya pili.
Alivua shati, akalikunja.
"Vuta pumzi," nikamwambia. "Zuia."
Nami nikavuta, nyuma ya ukuta, nikaizuia.
Yeye ndiye aliyeshindwa kwanza.
Akakohoa, picha ikatoka imetikisika.

Tukarudia.