Kopo la Bluu

Alikuja Novemba, Duluth imeshaanza kuganda,
nguo zake katika mfuko mweusi wa taka
na faili nene kuliko Biblia ya marehemu mume wangu.
Kellen. Miaka minane. Nyumba ya sita.
Ndani ya faili: hurusha viti. Huiba chakula. Hung'ata.
Hakuna aliyeandika: huogopa.

Usiku wa kwanza nilikuta chini ya mto wake
vipande vinne vya mkate na soseji moja,
vimefungwa ndani ya fulana kama hirizi.
Ulimi ulitaka kusema. Niliuuma.
Asubuhi nikampa kopo la bluu, zamani la biskuti,
nikaliandika jina lake kwa rangi ya kucha.
"Hili ni lako. Halitalala tupu.
Huombi, huulizi, huibi."
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Daktari Sorensen hakuandika dawa.
"Dawa zipo," alisema, "zikihitajika tutazungumza.
Kwanza tujaribu usingizi,
na saa ya chakula isiyodanganya,
na mtu mmoja asiyeondoka."
Nikamwuliza: hiyo ya mwisho, mara ngapi kwa siku?
Hakucheka. Nami sikuwa natania.

Basi viti vikiruka, hukaa sakafuni ukumbini,
mgongo ukutani, mlango wazi kiasi cha kiganja,
nafuma soksi, nahesabu vishono kwa sauti
mpaka pumzi yake ije ikae juu ya hesabu yangu.
Arobaini na moja. Arobaini na mbili.
Kuna siku tulifika mia tisa.
Kuna siku nilishindwa: nikafoka, nikabamiza kabati,
kisha nikarudi sakafuni kumwomba radhi
mtoto aliyejikunyata chini ya kitanda.
"Umeruka sitini na nane," akasema kule kizani.

Jumanne ni ya Bi Wilhelmina,
mwenye beseni la mchanga na midoli.
Anachojenga huko siulizi.
Hurudi na mchanga kwenye kucha, njaa tele,
na safari nyingine hasemi neno hadi Alhamisi.

Leo, Machi, barafu ya ziwa inapasuka kwa kishindo,
nimefungua kopo niweke tofaa.
Mkate wa Jumatano upo palepale,
kijani, umeota ndevu.

Amesahau.

Nimeketi kitandani mwake,
kipande kinanuka mapajani pangu,
na bado sijakitupa.