Glasi Unyayoni

Jioni, nilipomvua gauni nimwogeshe, nikaviona:
vipele vichache tumboni,
vidogo kama uwele uliomwagika njiani.
Nikasema, ni salfa.
Mchana kutwa Wendo alinifuata shambani
tukipuliza zabibu ule unga wa njano,
na upepo wa Mpunguzi hauna adabu,
humpaka kila mtu.

Mama mkwe akasema, joto tu hilo.
Sechelela akachungulia mlangoni:
"Upupu huo. Mpake majivu, alale."
Kila mmoja alikuwa na jina la kuvipa vile vipele,
na kila jina lilikuwa la kulalia.

Nami nilitaka kulala.
Maana mwezi wa tatu nilikimbia naye usiku
kwa vipele kama hivi.
Elfu ishirini ya pikipiki, ile ya mbegu za karanga,
na daktari wa zamu akapiga miayo:
"Mama, mtoto umemvisha sweta mbili."
Hadi leo kisimani naitwa Mama Sweta.
Wananicheka, nami nacheka nao,
lakini jina likikuganda linawasha kuliko upupu.

Saa nne mwili wake ukawa moto.
Nikampa maji, akayatapika.
Nikamwita, akafumbua macho,
akanitazama
kama mtu anayesoma kibao cha kijiji kisicho chake.
Huyu asiyenyamaza hata mdomo ukiwa na ugali,
huyu anayegombana na kuku wakamkimbia!
Vipele ningevivumilia.
Kimya kile, hapana.

Nikamkumbuka nesi wa kliniki, siku ya kupima uzito,
alivyoinua glasi yake, majani ya chai yamebaki chini:
"Bonyezeni. Vikififia, pumueni kwanza, muendelee kumwangalia.
Visipofifia, na mtoto ana homa,
msiulize mtu."
Tulicheka, kwa sababu ya yale majani.

Nikawasha tochi ya simu.
Tumboni, juu ya weusi wake mzuri,
sikuona kitu cha kuaminika.
Nikaugeuza unyayo, kule ngozi ilikopauka.
Vilikuwa vimeshafika,
sijui saa ngapi, bila hodi,
rangi ya zabibu iliyobakiza siku mbili kuvunwa.
Nikabonyeza glasi.
Ngozi ikafifia pande zote.
Vidoa vikabaki,
vikinitazama kupitia kioo.

Nikabonyeza tena.
Nilitaka glasi inidanganye.

"Subiri kuche," akasema mama mkwe,
"zahanati ifunguliwe."
Kwa mara ya kwanza tangu niolewe
sikumjibu.
Nilikuwa nafunga kanga mgongoni.

Chidawali alikuja na pikipiki yake, shati kalivaa nje ndani,
nauli hakuitaja.
Barabara ya Iringa, malori yakitupita na upepo wake,
mkono wangu mmoja nyuma
unahesabu pumzi,
unapoteza hesabu,
unaanza upya.

Pale Jenero nesi akavuta karatasi.
"Tatizo nini, mama?"
Nikasema, sijui ni nini.
Nimebonyeza, havifutiki.
Ana homa. Haniongeleshi.
Akaiacha kalamu, akambeba mbio,
ndala yake moja ikavuka mguuni,
ikabaki katikati ya korido.

Nimekaa kwenye benchi, nimeishika ndala ile.
Wamemtundikia dripu, wamemchoma sindano,
wamechukua maji ya uti wa mgongo.
Jogoo wa mtu, huko mjini, amewika mara mbili.
Hakuna aliyenipa neno la kulalia,
nami sijaliomba.

Kama daktari atatoka akipiga miayo,
aseme ni joto, ni salfa, ni upupu,
nitarudi Mpunguzi na jina la pili.
Wanicheke.
Wanicheke kisimani mpaka ndoo zimwagike.