Ndoo

Siku ya kwanza Kibokoni, Bi Esha alisimama ngazini
akaita, "Odilia, ndoo!"
Nami mtoto wa Songea, mgeni mwenye adabu,
nikampelekea ndoo.
Ya buluu, imepasuka mdomo,
niliikuta nyuma ya mlango wa choo.
Akaitazama. Akanitazama.
Aibu ikanitoka kwa kicheko.
"Wateka nini?" akauliza,
nami kwa unyoofu wote nikajibu:
"Maji."

Nadjati wa Moroni aliteremka akishika mbavu.
Ndiye aliyenifasiria Kiswahili changu mwenyewe:
kwamba hapa ndoo ni njoo,
kuteka ni kucheka,
na kwamba nimeitwa mara tatu tangu asubuhi
nikabaki nimekaa.
Tangu jioni ile hatukuitana kwa majina.
Ndoo, tule. Ndoo, umeme umerudi.
Tshepo wa Maseru alilitamka
kama mtu anayegonga bati.

Tulikuja kutengeneza viti vya magurudumu.
Karakana ilikuwa Tononoka, nyuma ya duka la magodoro:
viti arobaini na kitu, vimetoka ng'ambo na kutu yake,
kimoja bado kina jina la mwenyewe
mgongoni, kwa uzi mwekundu.
Sunniva alikuwa na mkono wa kunyoosha spoku.
Mimi nilipaka grisi.
Sikuwa na ufundi mwingine,
na fundi Shalo hakunificha hilo.

Nilidhani kujitolea ni kutoa.
Mwezi mzima nilipokea tu:
mahamri, mafua, malengelenge,
shuka la Nadjati langu lilipochelewa kukauka.

Maji ya bomba yalikuja Jumanne, yakipenda.
Sunniva akaosha nywele kwa mtungi mzima.
Nadjati akasema neno.
Sunniva akarudisha neno.
Siku tatu kila mtu alikula na ukuta wake.

Usiku wa nne Tshepo akatetemeka hadi kitanda kikasogea.
Hatukuombana radhi, wasaa uko wapi?
Mmoja alishika tochi, mmoja kichwa,
mmoja ndoo, ile ile ya buluu.
Alfajiri, tulipokwisha kutoka hospitali,
nilimwona Sunniva amelala begani kwa Nadjati,
mdomo wazi,
na Nadjati amekaza shingo asimwamshe.

Kiti cha uzi mwekundu kilimwangukia Kaingu, miaka tisa.
Hakusema asante.
Alizungusha magurudumu, akapotea konani,
mama yake nyuma, kandambili mkononi,
akicheka, akilia, akimtukana.
Fundi Shalo akauliza taratibu:
"Breki mlizikaza?"
Wanne tukatazamana.
Kisha tukatoka mbio.

Mwaka umepita. Songea mvua hainyeshi, inamwagika,
maji ni ya kuchezea.
Jana simu ikalia, namba ya Maseru,
neno moja tu:
Ndoo.

Sijui ananiita, au ananicheka.
Labda yuko kiu.
Nimekaa na simu mapajani,
nauli ya mwezi huu haifiki hata Makambako,
na nje, chini ya michirizi ya bati,
ndoo ya mama imejaa, inafurika,
hakuna aliyeitwa kuitoa.