Kufika Jana

Watu huniuliza dirishani: ni mbali?
Nasema, kilomita mia na thelathini hivi,
dakika thelathini na tano, upepo ukikubali.
Kisha naongeza, maana mshahara ni mdogo na utani ni bure:
mtafika jana.

Hucheka. Watalii huipiga picha tiketi:
kuondoka Apia, Jumanne, saa nne asubuhi;
kutua Pago Pago, Jumatatu, saa nne na dakika thelathini na tano.
Mstari wa tarehe umepita hapo katikati ya bahari.
Haukuchorwa na samaki.

Ndege yetu ni ndogo, hivyo kila abiria hupanda mizani,
bibi harusi, mchungaji, mcheza raga,
nami humnong'oneza rubani kilo zao
kama mtu anayetoboa siri ya kanisani.

Salaevalu alikuja Jumanne, mkeka laini mikononi,
ule wa kusukwa miezi, wa kutolewa harusini na mazikoni.
Sikuuliza ni lipi kati ya hayo mawili.
Viatu vyake havikufanana.
Kilo themanini na moja. Na mkeka, themanini na nne.

"Ulimasao," alisema. "Kaka yangu, wa kiwanda cha jodari.
Alinipigia jana usiku, nikaiacha simu ilie mkobani,
nilijua ni habari ya zile fedha."
Alfajiri ikalia tena. Haikuwa sauti yake.

Akaisoma tiketi. Akairudia kwa kidole.
"Kwa hiyo nitatua Jumatatu."
"Ndiyo, mama."
"Jumatatu, jana."
"Ndiyo, mama."

Nilijua anahesabu nini.
Ningemwambia: Jumatatu ya kule si ile uliyoiacha nyumbani,
yenye sufuria ya magimbi jikoni na mkoba unaolia.
Ni jina tu, limevaliwa na siku nyingine.
Nikabandika karatasi kwenye mkeka. Nikagonga muhuri.
Rafadha zikashika kasi,
na kwa dakika thelathini na tano nikawa mjinga pamoja naye,
macho kwenye saa ya ukutani.
"Pokea," nikasema peke yangu. "Pokea simu."

Alirudi wiki iliyofuata. Safari ya kurudi humeza siku nzima,
unapanda Alhamisi, unashuka Ijumaa,
na hakuna ofisi ya kuidai.
Alisimama akingoja begi lake, mikono haijui pa kukaa.

"Jumatatu ilikuwepo," alisema, bila kunitazama.
"Gazeti lake lilikuwa mezani. Mkate wake, dukani.
Nilimtafuta humo hadi jioni."

Nyuma yake kijana mwenye gitaa akainama dirishani:
ni mbali?
Nikamtajia kilomita.
Nikamtajia dakika.
Nikamwonyesha mizani ilipo.