Sauti Saba kwa Sikio Moja

Jitesh alizipanga hedifoni tano juu ya kioo cha meza,
akaifuta kila moja kwa ncha ya shati.
Hii ina besi, ikinguruma mbavu zaitika.
Hii ina sauti saba: mbele, ubavuni, kisogoni,
adui akijikuna nyuma ya ukuta
utajua anajikuna kwa mkono gani.
Nje, Barabara ya Digo ilikuwa ikipiga honi zake zote,
hizo bila malipo.

Twaha aligeuza kichwa kidogo,
kuku anayeikagua punje,
kama anavyokigeuza kwa kila asemaye naye.
Homa ya uti wa mgongo ililichukua sikio la kulia
akiwa darasa la pili.
Tangu hapo mimi hutembea kushoto kwake,
upande wa maneno;
tuktuk za upande wa pili huzisikia mimi
kwa niaba ya nyumba nzima.

Sauti saba kwa sikio moja, nikauliza, ni bei gani?
Jitesh alicheka. Halafu hakucheka tena.
Akazirudisha zote tano,
akainama, akatoa kwenye boksi lisilo na picha
moja pana, nyeusi, yenye waya mrefu.
Isiyo na waya huchelewa, dada:
risasi imeshafika, mlio ungali njiani.
Na hii, masikio yake ni ya kitambaa.
Ile ngozi ya bandia, joto la Machi la hapa kwetu
litaibandua magamba magamba,
utamwona ndugu yako ana masizi mashavuni.
Akapunguza mia tatu bila kuombwa.

Majengo, ghorofa ya tatu, feni ikikwaruza.
Nilizichanganya kulia na kushoto zikawa mkondo mmoja,
nikajiona fundi.
Twaha akasikia kila kitu, na kila kitu kikatokea pamoja,
katikati ya fuvu:
nyayo, mlango, bunduki, kunguru.
Nawasikia, alisema, ila sijui wako wapi.
Akafa mara kumi na moja.
Ya kumi na mbili alisonya kabla hajafa.

Nikazitenganisha tena.
Nikanunua waya wenye mikia miwili,
mkia mmoja hedifoni,
mkia mwingine kispika cha redio iliyokufa,
nacho nikakipa sauti za kulia pekee,
nikakifunga chini ya kiti kwa kipande cha leso,
pale paja la kulia linapokaa.
Nikashusha besi, nikapandisha, nikashusha.
Mama alipita na beseni la nguo, akakisikia kiti kinanung'unika,
akasema audhubillahi,
tangu siku hiyo huambaa ukuta.

Siku tatu paja halikuielewa lugha ile.
Ya nne, mtu alimnyemelea kwa kulia
na Twaha akageuka kabla yangu,
mimi niliye na masikio mawili na macho yote kwenye skrini.
Hakushangilia. Alijikuna paja tu,
kama aliyeumwa na mbu anayemfahamu.

Ilikuwa saa saba usiku, hata wa ghorofa ya juu
wameacha kuburura viti,
alipoivua hedifoni, akaigeuza, akaivaa tena:
kulia kukaja kushoto.
Nikamwambia umeikosea. Akaniinulia kidole.

Hakuna aliyekuwa akimfuata. Alimsimamisha mtu wake
katikati ya nyasi, bunduki ikitazama chini,
akasikiliza, akasikiliza,
kichwa kimenyooka, hakukigeuza.

Kuna mto huku, alisema.
Mimi nilidhani ni feni.